Kualikwa kulala klabu ya wanachama mashambani Uingereza: tujiandae vipi?

Mama Ntinda, Kampala

Assalaam alaikum, na salamu kwenu nyote. Mimi na mume wangu tumealikwa na rafiki zetu Waingereza, mtu na mkewe waliowahi kuishi Fort Portal na kufanya kazi pamoja na mume wangu, tukalale nao siku tatu mwezi Juni katika Soho Farmhouse, ile klabu ya mashambani iliyoko Great Tew, Oxfordshire. Wao ni wanachama. Sisi si wanachama wa kitu chochote cha namna hiyo, wala hatujapata kulala mahali ambapo fedha peke yake haimfungulii mtu mlango.

Mwaliko tumeufurahia sana, na kwa kuwa tunawapenda watu hawa, nisingependa waone haya kwa ajili yetu. Wametuambia kwamba malazi ni juu yao, lakini hawakugusia chakula wala huduma nyingine, na mume wangu si mtu wa kula siku tatu kwa mfuko wa mwenzake akanyamaza. Nimesikia pia kwamba huko kupiga picha kumekatazwa, nami nina wazazi na wadogo zangu Masaka ambao lazima watataka kuona tulikolala. Sisi ni Waislamu: sijui jikoni watatufanyia nini, sijui habari ya nyakati za swala mwezi wa Juni kule kaskazini, na sijui kama mwanamke aliyejisitiri anaweza kuingia kwenye bwawa la kuogelea bila kusumbuliwa. Tena mume wangu ameanza kuuliza kama nasi tunaweza kuomba uanachama. Aliyepata kuingia mahali pa namna hii, iwe huko au hapa kwetu, naomba anieleze kwa urefu.

Katibu Mstaafu, Entebbe

Wa alaikumu salaam, dada. Nilifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya klabu ya wanachama hapa nchini, na ingawa klabu yetu ni ndogo sana ukiilinganisha na hiyo mtakayokwenda, taratibu zinafanana popote, kwa sababu zote zimetoka chimbuko moja huko London. White's ilianza mwaka 1693, Athenaeum mwaka 1824 na Reform Club mwaka 1836; kisha maofisa wa kikoloni wakaja na desturi hiyo huku kwetu, hata klabu ya Muthaiga ya Nairobi ikafunguliwa mwaka 1913, na klabu nyingi za Afrika Mashariki zikawa za Wazungu peke yao hadi karibu na uhuru. Soho House, ambayo ndiyo yenye hiyo Soho Farmhouse yenu, ni ya juzi tu: Nick Jones aliianzisha London mwaka 1995, akafungua Babington House huko Somerset mwaka 1998, na hiyo Farmhouse ikafunguliwa mwaka 2015 kwenye eneo la ekari 100 hivi. Ninayataja haya ili ujue kwamba unaingia katika utaratibu wa zamani uliovalishwa nguo mpya, na ukiuelewa huo utaratibu, mengine yote uliyouliza yatajijibu yenyewe.

Hotelini, makubaliano ni kati yako na hoteli: umelipa, una haki yako, ukikosea unaambiwa wewe. Katika klabu, kati yako na nyumba amesimama mwanachama. Kwetu kitabu cha wageni kilikuwa kinakaa juu ya meza ya mapokezi, na kila mstari ulikuwa na sehemu ya jina la mgeni, sehemu ya mahali alikotoka, kisha jina la mwanachama na sahihi yake. Mgeni hakutia sahihi popote. Akiagiza chai, karatasi ya chai ilitiwa sahihi na mwanachama, ikaandikwa namba yake ya uanachama, na mwisho wa mwezi hesabu yote ilimfikia yeye. Siku hizi mambo mengi yanafanyika kwa simu na kompyuta, lakini maana yake haijabadilika: kila ukifanyacho kinaandikwa kwa jina la aliyekuleta.

Kwa sababu hiyo, suala la picha si dogo hata kidogo. Klabu moja ya Nairobi, ambayo sitaitaja, mgeni alipiga picha ya meza yake wakati wa chakula cha mchana, na nyuma yake wakaonekana watu wa meza ya pili, naye akaituma mtandaoni jioni ileile. Mgeni hakuandikiwa barua yoyote. Barua ya kamati ilikwenda kwa mwanachama, na mwanachama yule alisimamishwa kwa miezi kadhaa, yeye ambaye wakati picha inapigwa alikuwa ameinamia sahani yake. Soho House inajulikana kwa kukataza picha katika sehemu za pamoja, na sababu yake ni hiyohiyo: watu wanalipa ili wakae wakijua kwamba hakuna atakayewaanika. Picha za wazazi wako zipigeni kijijini. Great Tew ni kijiji cha nyumba za mawe ya rangi ya asali zilizoezekwa kwa nyasi, na ninaamini wazee wa Masaka watashangaa zaidi kuona Waingereza wanaishi chini ya paa la nyasi kuliko kuona bwawa la kuogelea. Za ndani ya nyumba mliyolala mwulizeni mwenyeji kwanza.

Ama malipo, mwambie mume wako asije akabishana na mtu kaunta. Mara nyingi mgeni hawezi kulipa hata akitaka, kwa kuwa hesabu iko katika akaunti ya mwanachama, na kumwonyesha mhudumu kadi ya benki mbele ya mwenyeji wako ni kumweka yule mhudumu mahali pagumu. Jambo hili lizungumzwe mapema, kabla hamjapanda ndege, kwa maneno yaliyo wazi: sisi tungependa mlo mmoja uwe wetu, nje ya klabu. Pale kijijini kuna mahali pa kula, Falkland Arms, ambapo ni pa watu wote, na imepewa jina la mbunge na bwana mkubwa wa karne ya 17, Lucius Cary, Viscount Falkland, aliyekuwa akiwakusanya wasomi nyumbani kwake Great Tew katika miaka ya 1630. Kwa mume wako anayependa historia, meza ya pale si haba.

Mkitaka kujua lolote la kanuni, mwulizeni mwenyeji wenu wala msimwulize mhudumu. Mhudumu atawajibu kwa adabu, lakini hana ruhusa ya kulegeza kitu, ilhali mwanachama anajua lipi linavumiliwa na lipi halivumiliwi.

Msafiri wa Jinja

Naongezea upande wa safari tu. Uganda Airlines ilianza kuruka moja kwa moja kati ya Entebbe na Gatwick mwezi Mei 2025, na kutoka Gatwick hamna haja ya kuburuta masanduku katikati ya London: pandeni treni ya Thameslink hadi Farringdon, mbadili hapohapo mchukue Elizabeth line hadi Paddington, kisha treni ya kwenda Charlbury, ambayo huchukua saa moja na robo hivi. Charlbury ni kituo kidogo cha mashambani. Hakuna bodaboda inayowasubiri nje, wala gari la kukodi lililoegeshwa likitafuta abiria, kwa hiyo ama mwenyeji awapokee au gari liagizwe siku moja au mbili kabla.

Visa ya matembezi ndiyo ya kushughulikia mapema kuliko yote. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya wiki tatu tangu mtoe alama za vidole hapa Kampala, lakini msimu wa Juni waombaji ni wengi, na mimi nisingeanza chini ya miezi miwili kabla ya safari. Mwenyeji aandike barua inayosema mtalala wapi, tarehe zipi, na nani analipia malazi, kwa sababu ofisa anayesoma maombi yenu ataona jina la mahali pa gharama kubwa na atataka kuelewa kwa nini taarifa zenu za benki hazionyeshi malipo ya mahali hapo.

Plagi ni zilezile zetu za miguu mitatu, msinunue kitu. Baridi ya usiku mwezi wa Juni ni kama ya Kabale, kwa hiyo sweta moja zito kwa kila mtu linatosha.

Bint Mbale, Reading

Dada yangu, mimi nimezaliwa Mbale na sasa ninaishi Reading, na hiyo treni ya Charlbury inapita hapa kwetu. Niruhusu nianze kwa kumpinga mzee wetu Katibu kwa heshima zote. Falkland Arms ni baa, hata kama ni baa ya kihistoria inayopika chakula kizuri, na najua wako Waislamu wasiopenda kukaa mahali ambapo pombe ndiyo biashara yenyewe. Wapelekeni wenyeji wenu Oxford kwa chakula cha mchana. Barabara ya Cowley ina mikahawa mingi ya halali, msikiti mkubwa uko hapo karibu, na baada ya chakula mnaweza kutembea kwa miguu hadi kwenye vyuo.

Kuhusu jikoni, uwe mwepesi wa kusema na usione aibu. Mwombe mwenyeji awaarifu wakati wa kuweka nafasi kwamba hamli nyama isiyochinjwa kihalali wala nyama ya nguruwe, na hamtumii kitu kilichopikwa kwa mvinyo. Hilo la mvinyo ndilo watu husahau kulitaja: mchuzi wa nyama, na hata baadhi ya vyakula vitamu vya mwisho wa mlo, huweza kuwa na pombe, na mpishi asiyejua atakuletea samaki wa halali kabisa akiwa ameogeshwa mvinyo mweupe. Kiamshakinywa cha Kiingereza nacho kina soseji za nguruwe na ile soseji nyeusi ya damu, kwa hiyo agizeni mayai, uyoga na nyanya, na mseme visipikwe katika kikaango kimoja na nyama. Wapishi wa Uingereza wamezoea sana kuulizwa, kwa kuwa sheria inawalazimu kueleza kila chakula kina nini cha kuwadhuru wenye mzio, kwa hiyo swali lako haliwi kero.

Swala za Juni ndizo zitakazowashangaza ninyi mliozoea maghribi ya saa moja mwaka mzima. Kule jua linatua karibu saa tatu na nusu usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na katika majuma hayo giza halikamiliki usiku kucha, ndiyo maana misikiti haikubaliani juu ya wakati wa isha na alfajiri. Chukueni ratiba ya msikiti mmoja wa Oxford mwifuate hiyohiyo mpaka mtakapoondoka. Tena ninyi ni wasafiri, na kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi, anayekaa mahali chini ya siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, anaruhusiwa kupunguza na kukusanya swala, basi maghribi na isha mnaweza kuziswali pamoja mkapata usingizi. Na kibla kimegeuka: Kampala tunaelekea kaskazini tukiegemea kidogo mashariki, lakini Oxfordshire ni kusini-mashariki. Dada mmoja niliyempokea aliswali siku nzima akielekea upande aliouzoea kwao kabla hatujamwonyesha.

Bwawa ni la wake kwa waume pamoja, na hilo hutalibadilisha. Nguo ya kuogelea inayofunika mwili mzima nimeivaa mabwawa mengi ya nchi hii wala sijakatazwa, mradi iwe ni kitambaa cha kuogelea kweli. Mimi huingia asubuhi mapema, wakati wageni wengi bado wamelala, na mwezi wa Juni kunakuwa kumeshapambazuka zamani.

Mkulima wa Kabarole

Mimi nitazungumzia kurudisha fadhila na habari ya uanachama, kwa sababu nadhani ndipo moyo wa mume wako ulipo.

Mambo ya kufanya huko ni machache na ndiyo raha yake. Wageni hulala katika nyumba ndogo za mbao zenye jiko la kuni, wanapewa baiskeli za kuzungukia na gambuti za kukanyagia matope, na siku inakwisha kati ya kutembea, kula na kukaa kando ya maji. Kwa mkulima kama mimi, kuvaa gambuti si mapumziko, lakini sioni ubaya wake kwa mtu ambaye wiki nzima amefungiwa ofisini. Ninachowashauri ni kutoka nje ya uzio. Uingereza ina njia za miguu za umma zinazokatiza katikati ya mashamba ya watu, na sheria inamruhusu mtu yeyote kupita, awe mwanachama au mpita njia, mradi asiache njia na afunge kila lango alilofungua. Kutembea kwenye njia hizo hakuna gharama, na ndiko mtakakoiona ile nchi: kondoo, ua wa miti, ngano iliyotoa masuke. Mume wako atajua mengi zaidi juu ya rafiki zake kwa saa mbili za njia hizo kuliko kwa chakula cha jioni.

Zawadi, pelekeni kahawa ya Bugisu au ya Rwenzori, na vanila ya Bundibugyo, ambayo wao waliokaa Fort Portal wataitambua kwa harufu kabla ya kuifungua. Kitambaa cha gome la mtuba pia kinafaa sana, maana ufundi wake umo katika orodha ya urithi ya UNESCO, na hakizidishi uzito. Samli msibebe, wala nyama kavu, hata kama mama mkwe ataandaa. Bidhaa za nyama na maziwa kutoka kwetu haziruhusiwi kuingia Uingereza katika mizigo ya msafiri, na zitatupwa uwanjani mbele ya macho yenu.

Uanachama mimi nisingeomba. Maombi yanapitiwa na kamati, ada ya mwaka ya uanachama unaofungua klabu zote za Soho House imeshapita pauni 2,000, na chumba unalipia mbali. Anayekwenda London kila mwezi anaweza kuona faida. Anayekaa Kampala atakuwa ananunua heshima ya kadi. Fedha hiyo ingewaleta rafiki zenu kwetu. Hoteli ya Kyaninga, karibu na Fort Portal juu ya ziwa la kreta, nyumba zake zimejengwa kwa magogo na asubuhi milima ya Rwenzori ikiamua kujitokeza unaiona mbele yako. Hoteli ya Ndali nayo iko katikati ya maziwa mengine ya kreta. Na kote mtu huweka nafasi kwa jina lake mwenyewe. Watu waliowahi kuishi Fort Portal hawatadhani mmewapa kidogo. Mimi ningewatamkia mwaliko huo hukohuko Oxfordshire, siku ya mwisho, na kuwapa tarehe, maana mwaliko usio na tarehe mzungu huuhesabu kuwa ni maneno ya adabu tu.

Mama Ntinda, Kampala

Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Nimemsomea mume wangu kila neno, na la uanachama ameliacha. Ameshaanza kuhesabu miezi ya kuwaalika Kyaninga. Dada wa Mbale, habari ya kibla imeniokoa. Yamebaki mawili. Mume wangu amezoea suti kila anapoalikwa na watu wazito, na anauliza kama ashone mpya. La pili linanikosesha usingizi zaidi: visa ikichelewa, je, wenyeji wetu watapata hasara?

Katibu Mstaafu, Entebbe

Asishone. Klabu za zamani za mtaa wa Pall Mall, London, kwa desturi hutaka koti, na nyingine tai pia, na mtu asiyevaa inavyotakiwa huweza kurudishwa mlangoni. Soho House tangu mwanzo ilijitenga na desturi hiyo, na mwenye suti na tai pale ndiye atakayeonekana mgeni. Suruali nzuri, shati, sweta na viatu visivyoogopa majani mabichi vinamtosha. Kanzu na koti lake avae siku mtakayokwenda Oxford, na atapendeza. Namkubalia pia dada wa Mbale juu ya mahali pa kula.

Kuhusu visa, jibu ni ndiyo, wanaweza kupata hasara, na klabu itamdai mwanachama, haitawadai ninyi. Nafasi za mashambani mwezi wa Juni zinagombaniwa, na ukishapita muda wa kughairi, malipo hukatwa hata kama chumba kimelala kitupu. Mwulizeni mwenyeji leo siku ya mwisho ya kughairi bila malipo ni ipi, mwiandike kwenye kalenda, na uamuzi wa visa ukiwa bado haujatoka wiki moja kabla ya siku hiyo, mpigieni simu yeye mwenyewe, msimwandikie ujumbe, mmwambie aiachilie nafasi na mtapanga upya kwa Septemba.